Diski ya Harusi za Wanawake

Mji mzima wa Palma hapakuwa na mwanamke aliyeingia harusi nyingi kuliko Awa, wala aliyekula kidogo harusini kuliko yeye, maana mkono mmoja ulishika kamera na wa pili ulikuwa kazini kufukuza watoto mbele ya kamera. Pilau aliisikia harufu tu. Akirudi nyumbani mumewe Abdurremane humuuliza, "Mmekula nini huko?" naye humjibu kwa hasira, kama kwamba yule mume ndiye aliyemnyima sahani.

Kazi hiyo aliianza miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini. Abdurremane alipata udereva kwa wageni waliokuja kupima, na mgeni mmoja alipokuwa anarudi kwao akamwachia kompyuta: boksi zito, kioo, na nyaya za kumfunga ng'ombe. Vijana wakapata vibarua, harusi zikanenepa, kila bibi harusi akataka filme, yaani video ya harusi yake. Wapiga picha wanaume walikuwepo, tena wenye kamera nzuri kuliko ya Awa, lakini safari yao iliishia barazani. Siku wanawake wanapojifungia na mwali kumfunda na kumchezea, mwanamume haingii hata akiwa na kamera ya dhahabu. Awa aliingia. Ndiyo ilikuwa heshima yake, na alijua kuivaa.

Kinachochezwa mle ndani hakisemwi nje. Mwali hupewa filme yake akaifungie kabatini, na nakala ya pili hubaki katika kompyuta ya Awa, chumbani, kwa sababu mabibi harusi ni mabingwa wa kupoteza vitu. Hata Abdurremane akihitaji kuandika chochote pale, Awa hukaa ubavuni mwake mpaka amalize. Wanawake walimwamini. "Kwa Awa ni kaburini," walisema, "kikiingia kimeingia."

Aliyeongoza ngoma hizo alikuwa Bi Wahida, kungwi wa mji. Nje, Bi Wahida ni mama wa watu: anapita kando ya ukuta, ushungi mpaka kwenye nyusi, wanaume wanampisha njia huku wakitazama chini. Ndani, akifunga kanga kiunoni, utasema ni mtu mwingine. Mzee yule alicheza kila kitu ambacho mwali anapaswa kukijua, bila kuficha, kwa kuwa kazi yake ni kufundisha na kungwi mwenye haya hafundishi kitu. Kisha hufungua kanga, huvaa ushungi, na kurudi kuwa Bi Wahida.

Basi kompyuta ikajaa. Ikawa Awa akitaka kuweka harusi mpya, inamwambia hakuna nafasi. Afute za zamani? Katika za zamani walikuwemo wanawake waliokwisha kufa, wanacheka, wanapepeta mchele. Hakuweza. Akaamua kwenda mjini Mocímboa da Praia kununua diski ya nje, ile ya kuchomeka ubavuni mwa kompyuta.

Kwetu mtu hanunui taa bila kuiwasha dukani, wala redio bila kuisikia ikiimba. Na Awa alikuwa ameshaumwa na nyoka: aliwahi kununua mashine ya kuchapa picha ambayo, kufika nyumbani, ilikataa katakata kuelewana na kompyuta yake. Safari hii alilifunga boksi la kompyuta ndani ya kanga, akapanda nalo gari, akalipakata njia nzima, kupita kijiji cha Olumbi na mbele ya Olumbi, kama mtoto mwenye homa. Kioo alikiacha. Kioo, aliwaza, dukani hakikosekani.

Hakikukosekana. Faquir mwenye duka aliliunganisha boksi na televisheni yake ya maonyesho, pana kama mlango, iliyoelekezwa mtaani ili ivute wateja, na spika zake mbili. Kisha akapanga diski juu ya meza.

"Hii kubwa, mana Awa," akasema, akimwita dada kwa Kireno, "inakaa mezani, ina waya wake wa umeme. Inabeba mengi. Ila umeme wenu wa Palma ukikatika ghafla, inaumia. Hii ndogo inakula umeme wa kompyuta yenyewe, unaitia mkobani. Na hii hapa imetumika, sikushauri."

"Ndogo haitapotea?"

"Hata mtoto hupotea, mana."

Awa akaipima ile ndogo kwa kiganja. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, nyepesi mno. Hakuwa na imani na kitu chepesi. "Tuijaribu kwanza."

"Haya. Nina filme zangu hapa, kuna mpira, kuna nyimbo."

"Zako nyepesi," Awa akasema. "Tia kitu changu. Tia hii." Akamwonyesha harusi ya mwali mmoja, Dalila, ambayo ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote.

Kunakili kukachukua muda. Watu wakaingia, wakatoka, wengine wakasimama kuangalia jinsi mwanamke aliyesafiri na kompyuta anavyonunua kitu. Ilipokwisha, Faquir akasema, "Imeingia yote. Basi."

Na basi ingekuwa basi. Lakini Awa akasema, "Fungua nione."

Televisheni ikajaa wanawake wanaopepeta mchele uani, kanga zao zikiwaka rangi, sauti safi kabisa. Mtu mmoja akauliza nani kapiga filme nzuri namna hii. "Mimi," Awa akajibu, na neno hilo lilikuwa tamu mdomoni. Muhamudo naye alikuwepo, mwenye kioski kule Palma, amekuja kuchukua bidhaa. Alikuwa ameshika chaja ya simu akiichunguza. "Hongera, mana Awa," akasema. "Kumbe tuna fundi nyumbani."

Huyu Muhamudo amemwoa binti wa Bi Wahida. Mkwe na mama mkwe wake, kwa desturi yetu, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na salamu zao hupita mlangoni, mmoja ndani mwingine nje. Kila Ijumaa Muhamudo alimpelekea samaki, akiwaacha kizingitini, akikohoa kidogo na kuondoka. Awa alijua hayo yote. Lakini kichwa kikishaingiwa na sifa, mambo mengine hutafuta pa kukaa.

"Na mwisho wake?" akamuuliza Faquir. "Wanasema vitu vikinakiliwa hukatika mkia. Peleka mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele, mbele."

Alikusudia mwisho kabisa, pale Dalila anapotolewa amefunikwa, hana hata ukucha unaoonekana. Hakuyasema hayo. Mkono wa Faquir ukasimama katikati ya filme.

Bi Wahida akatokea, mkubwa kuliko alivyo, kanga kiunoni, kichwa wazi, anamfundisha mwali. Spika zikaimba wimbo wenyewe, maneno yake yote, mpaka ng'ambo ya barabara.

"Zima!" Awa akapiga kelele. Faquir akababaika, kishale cha kompyuta kikampotea. Awa akasimama mbele ya televisheni, akatandaza kanga yake, lakini televisheni ilikuwa pana kuliko mikono yake, na sauti haizibwi na kanga. Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Huyo si Bi Wahida wa Palma?" Mwishowe Awa akaurukia ukuta, akang'oa waya.

Muhamudo alikuwa amegeukia ukutani. Akaweka ile chaja juu ya meza polepole, kama yai, akatoka bila kuaga.

Na ile diski Awa aliinunua. Hilo ndilo lililomchoma baadaye, hata akiwa peke yake akalisikia usoni kama moto: kwamba baada ya yote yale alinunua, akaomba na mfuko wa kutilia.

Ijumaa iliyofuata samaki hawakuja kizingitini kwa Bi Wahida, na iliyofuata hiyo pia. Awa akawa anapita njia ya nyuma. Alijiambia maji yakimwagika hayazoleki. Alijiambia Muhamudo ni mtu mzima, atasahau. Lakini Bi Wahida akamfuata mwenyewe nyumbani, akaketi mkekani.

"Mwanangu, wewe unaingia nyumba za watu, huenda umesikia. Mkwe wangu kanikasirikia. Nimefikiri, sioni nilichomkosea. Nimempelekea kuku kwa mkono wa binti yangu, kumwomba radhi. Kuku amerudishwa. Hakutukana, kasema tu hawezi."

Awa aliona aibu. Mtu hajakosa, na ameshaomba radhi. Angeweza kunyamaza hata pale, na akili yake ilimsihi anyamaze. Akapiga magoti.

"Kosa ni langu, mama." Akamweleza: duka, televisheni, mtaa, na nani alikuwepo. Hakujipunguzia, ila lile neno "peleka mbele" alilitamka chini mno, ikabidi alirudie.

Bi Wahida hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Nilikuwa nimefika wapi?"

Awa akamwambia wapi.

Yule mzee akavuta ushungi mpaka ukafunika mdomo. Awa akaitoa ile diski, akaiweka mkekani mbele yake. "Ichukue, mama. Ivunje. Na kamera nimeiacha, siingii tena."

"Hapana," Bi Wahida akasema. "Ukiacha, watauliza kwa nini. Nitawajibu nini? Mkwe wangu hatasema, hana mdomo wa kulisema hilo. Waliocheka ni wa mbali. Wewe endelea na kazi yako, na mimi nitakaa na yangu." Akainuka kwa shida, akakataa mkono wa Awa.

Harusi iliyofuata ilikuwa kubwa. Wanawake wakafunga milango, ngoma ikalia, wakamwita Bi Wahida katikati. Akasema magoti yanamsumbua. Wakacheka, wakambembeleza, wakamvuta kanga, akasema magoti. Akaketi ukutani, mikono mapajani, ushungi mpaka kwenye nyusi, ndani, mbele ya wanawake wenzake, na mwali akafundwa na wasichana waliojua nusu ya mambo. Hakuna aliyejua sababu, ila Awa. Walisema bibi amezeeka, na mmoja akamgeukia Awa na kumwambia, "Bahati nzuri unaye kwenye diski yako."

Awa akaitikia kwamba ndiyo, anaye. Akaendelea kupiga picha. Kila kamera ilipopita upande ule wa ukuta, Bi Wahida alitazama chini, kama atazamavyo mtu mbele ya mkwe.