Mkono Usiosikia Moto

Hadithi hii inanionyesha mjinga, kwa hiyo chekeni sasa hivi mmalize. Mimi ni mstaafu ambaye ndevu bado zinaota kwa zamu. Kazi niliyostaafu ni kukaanga samaki, sokoni Ifakara.

Siku ya kwanza nilimkuta bosi, Mama Kitoga, ameinamia karai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaogopa mafuta?"

"Yenyewe ndiyo yaniogope."

Tone likanirukia mkononi, nikapiga yowe soko zima likageuka. "Naona yamekuogopa," akasema.

Alinifundisha kumkausha kambale maji kabla ya kumtia mafutani, na kusubiri mapovu yatulie ndipo nimgeuze. Miaka ikaenda, mkono wa kulia ukaacha kulalamika. Samaki katoka karaini sasa hivi, mimi namshika kwa vidole. Nikajua nimekomaa. Wateja wakawa wanasema, "Fundi, rudia tena tuone," nami narudia. Malengelenge niliyaita vyeti vya kazi. Na ningeshtukaje? Nikimgusa samaki nilimsikia vizuri, utelezi na miiba yake yote.

Siku moja lengelenge likapasuka huku nacheka. Mama Kitoga akazima moto, akanivuta mpaka hospitali.

Daktari akaniambia nifumbe macho, akanigusa kwa pamba. Nikasikia. Akaniwekea mkononi chupa mbili za maji.

"Ipi ya moto?"

"Zote vuguvugu, daktari. Kuni zimewaishia?"

Hakucheka. "Neva ni kama nyaya," akasema. "Zile nene zina ganda la mafuta, habari inakimbia kama pikipiki kwenye lami. Nyingine nyembamba hazina ganda, habari inajikokota kama baiskeli kwenye tope la Mlimba. Ukijigonga dole gumba, si unajua umejigonga kabla ule uchungu wenyewe haujafika?"

"Kweli."

"Kugusa kunapita kwenye zile nene. Moto na uchungu vinakuja nyuma kwa zile nyembamba. Zako nyembamba zimeliwa. Huu ni ukoma, kijana. Dawa ipo, na ukishaanza kumeza humwambukizi mtu. Lakini ukirudi kwenye karai, vidole utaviacha humo."

Mama Kitoga akanihamishia kwenye kuuza. Ila soko lilishasikia. Waliokuwa wananiita fundi wakawa wananunua samaki kwenye jiko la pili, wananipungia mkono kutoka huko. Benchi letu likabaki na mimi. Nikaona nikikaa nitamfungia mama wa watu biashara, nikajistaafisha.

Sasa niko kijijini Kisawasawa, kwenye nyumba aliyoniachia marehemu mama yangu mzazi. Vidonge nameza. Majirani wananisalimia wakiwa barabarani, hawaingii. Utani nawapigia kuku, nao wanaondoka kabla sijafika kwenye kichekesho. Jioni nashika sufuria kwa mkono wa kushoto kwanza, niulize kama ni ya moto. Ninyi mnaoanza kazi, mkiungua pigeni tu kelele, msione aibu. Na siku mkiacha kuumia, msiite watu waje kutazama. Nendeni hospitali.

Jumapili iliyopita nikasikia hodi. Mama Kitoga, na kambale kwenye ndoo. Akawasha jiko langu, akakaanga, akaweka sahani moja katikati ya mkeka, akakaa, goti lake likagusa langu. Miezi mingi hakuna mtu aliyekaa karibu yangu hivyo. Nikatafuta utani, sikuupata, nikanyoosha mkono kwenye sahani.

Akanishika kiganja.

"Ngoja kwanza," akasema, "bado wa moto huyo."