Fereti Kwenye Banda la Jirani

Binti yangu alipokwenda Malaysia kusoma, alituachia fereti wawili, dume na jike. Ni wanyama warefu, wembamba, wenye miguu mifupi, wanaolala karibu mchana kutwa, na wakiamka wanataka kuingia ndani ya kitu: kiatu, mkono wa kanzu, droo ya soksi. Mama yangu, ambaye tunakaa naye hapa Ansab, nchi ya Waarabu, aliwatazama mara moja tu.

"Hawa nguchiro," akasema.

Mama alikulia shamba, Unguja. Kwao wakifuga kuku, na adui wa kuku alikuwa nguchiro. Nikamweleza kwamba hawa ni wa kufugwa, wamechanjwa, na wana kadi ya daktari. Akaniuliza kama kuku nao wameonyeshwa hiyo kadi.

"Baba, lazima watoke nje," binti yangu akaniambia kwenye simu. "Wakikaa ndani tu wananuna."

Sikujua fereti aliyenuna anatambulikanaje, lakini nilikubali. Akanirekodia masharti, moja baada ya jingine. Wasitoke ila wakati wa baridi, tena asubuhi, kwa sababu joto linawaua upesi. Kwanza niweke kiganja sakafuni. Kikiungua, tunarudi ndani. Wavae vikoti vya kamba, na nivikaze mpaka kidole kipite kwa shida. Nichukue maji. Nitazame juu, kwa ajili ya kunguru na mwewe. Nimefanya kazi serikalini tangu ujana wangu na sijapata kupewa maelekezo yaliyo wazi namna ile.

Baridi ilipoingia nikaanza kuwatoa uani kila Ijumaa asubuhi. Mama alileta kiti chake akakaa mbali, bakora mkononi. Alisema bakora ni ya kunguru. Sikumuuliza zaidi.

Ijumaa moja, baridi inakaribia kwisha, dume alikuwa akinusa pembe ya ukuta. Akasimama, akafikiri, akarudi kinyumenyume. Kikoti kikabaki chini, vifungo vyote vimefungwa, hakuna mtu ndani. Baadaye niliambiwa kwamba fereti hunenepa wakati wa baridi na hukonda joto likikaribia. Mimi nilikuwa nimekikaza mara moja tu, siku ya kwanza. Nilipoinama kumshika alikuwa keshaingia kwenye bomba la maji ya mvua linalopita chini ya ukuta kwenda kwa jirani.

Nikamrudisha jike ndani, kwenye tundu lao la waya, kisha nikamgeukia mama.

"Mama, kwenu shamba nguchiro wakiingia shimoni mkiwatoaje?"

"Kwa moshi."

"Halafu?"

"Halafu wanapigwa." Akaitazama bakora yake. "Mwanangu, mimi ujuzi wangu wote ni wa kuwaua."

Ng'ambo ya ukuta, kuku wakaanza kupiga kelele.

Jirani yetu ni mstaafu, wazee wake walitoka Tabora, na anafuga kuku nyuma ya nyumba kwa mapenzi makubwa. Tulipogonga geti alitoka amevaa fulana na kikoi.

"Shikamoo, mama. Karibuni. Sijui kuku wangu leo wamepatwa na nini."

"Marahaba. Pana mnyama wa mjukuu wangu kaingia kwako," mama akasema.

"Paka?"

"Si paka."

Tukaenda nyuma. Kuku wote walikuwa wamepanda juu ya banda, na aliyepanda juu kuliko wote ni jogoo. Jirani akainama kuchungulia ndani, akainuka, akachukua ufagio.

"Mama! Huyu nguchiro!"

Mama akaenda akasimama mbele ya mlango wa banda, mikono kaitanua.

"Mimi nguchiro nnawajua tokea mtoto," akasema. "Huyu si nguchiro. Weka ufagio."

Jirani akauweka. Nikaingiza mkono bandani. Dume alikuwa amejikunja kwenye kiota, mdomo umejaa kiini cha yai. Nilipomnyanyua, kichwa kikaning'inia upande mmoja na miguu upande mwingine. Nikamtikisa. Hakufungua jicho.

"Umemuua," mama akamwambia jirani.

"Wallahi sijamgusa, mama."

"Basi yai lako limemuua."

Jirani akasema innaa lillaahi. Nilikuwa nimesahau kwamba fereti akilala, analala hivyo hasa. Nami nilikuwa nishaanza kupanga nitamwambiaje binti yangu. Hapo dume akapiga mwayo, akanitazama, akalala tena.

Mama akakaa juu ya ndoo iliyokuwa imefudikizwa, akajifuta macho kwa upindo wa mtandio. Alisema ni vumbi la kuku.

Kuku wale waligoma kutaga. Mama akawa anampelekea jirani mkate wa mofa na samaki, mpaka walipoanza tena. Tuliziba bomba kwa wavu pande zote mbili. Siku hizi nakaza kikoti kila tunapotoka, na kabla ya kufungua mlango namvuta dume kinyumenyume mwenyewe, nione kama anachomoka. Baadhi ya Ijumaa jirani huja na birika la kahawa, akakaa na mama, wote wawili wakatazama juu.

Nilipomsimulia binti yangu kisa chote, hakuuliza habari za bibi yake wala za jirani. Aliuliza kama lile yai lilikuwa bichi au limeshaanza kuwa kifaranga. Nikamwambia nitauliza.