Piko Bila Harusi

Nikisikia harufu ya piko hata leo, namwona baba mlangoni, siku ya ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Alikuwa amemkataza mama kupiga kura. "Kura yangu yatosha nyumba nzima," alisema.

Jioni alirudi kutoka Kibiti, hata salamu hakutoa. "Lete vidole nivione." Alikuwa akitafuta wino wanaopakwa kidoleni waliopiga kura.

Mama akanyoosha mikono. Vidole vyote kumi vilikuwa vyeusi kwa piko, rangi wanayojipamba wanawake harusini.

"Pana harusi ya nani?"

"Mpaka pawe na harusi ndiyo nijipambe kwa ajili yako, mume wangu?"

Baba alivinusa kimoja kimoja, akaviachia.

Asubuhi yake alipita kisimani, wanawake wakiteka maji. Kila mkono ulioshika kamba ya ndoo ulikuwa na vidole vyeusi.