Kofia ya Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu ana kitabu cha watu mashuhuri wa nchi yetu. Wamo wanasiasa, wamo masheikhe, wamo wapiga udi na wacheza mpira, kila mtu na picha yake na sifa zake. Baada ya alasiri hunisomea. Yeye anawajua kwa majina na vyeo, mimi nawajua kwa vichwa. Huyu aliyekuwa akinguruma barazani mbele ya Wazungu, kichwa chake kilikuwa kidogo kama cha msichana. Yule mpiga udi alikuwa na kisogo kirefu, kofia yake ikila kitambaa kuliko za wenziwe. Mwalimu yule aliyesomesha nusu ya mji, kichwa duara, raha tupu.

Juzi kafika kwenye picha ya mshairi. Amesimama kwenye baraza ya Idi, karatasi mkononi, kofia nyeupe imemkaa barabara. Mjukuu akasema, "Nyanya, tazama kofia hii! Nani aliyeishona?" Nikamwambia asome, asiniulize maswali.

Maana hilo lina kisa chake, na kisa chenyewe hakinipambi.

Ilikuwa miaka ile ya vita, sisi tukikaa Kibokoni, nyumba ya ghorofa moja, mimi na mama na mdogo wangu. Mimi nilikuwa nimeachika na kurudi kwetu, yeye bado hajaolewa. Tukishona kofia za vito. Ni kazi ya kutoa macho: bafta mbili zinawekwa pamoja, zinatobolewa vitundu vidogo vidogo kwa mamia, na kila kitundu kinazungushiwa uzi mpaka kinang'aa, ndivyo vito hivyo. Kofia moja nzuri mwezi mzima. Mwanamume haji kupimwa na wanawake wa watu. Hupimwa kichwa kwa uzi nyumbani kwake, uzi ukafungwa fundo, ukaletwa. Basi mkebe wa biskuti ulikuwa umejaa nyuzi zenye mafundo, na ndani ya mkebe ule walikuwamo wakubwa wote wa pwani.

Mkebe ulikuwa wa mdogo wangu. Na nani aliyemfundisha kushika sindano? Mimi! Nilimfundisha alipokuwa hajui hata kutunga uzi. Lakini mimi ni mashoto. Tangu utotoni mama alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, akanichapa, wapi! Kula nilijifunza kwa mkono wa kulia kama watu, lakini sindano ikishikwa kulia hainitii. Na mji mzima wajua. Ikawa kofia zangu ni za dukani, zanunuliwa na makarani wa bandarini na wauza kahawa, watu wasiouliza. Ama kichwa cha mtu wa heshima, kichwa chenye Kurani ndani, kivikwe kazi ya mkono wa kushoto? Astaghfirullahi. Hapana aliyelisema mbele yangu, lakini wakija na nyuzi zao huulizia, "Mdogo wako yupo?"

Yupo! Kila siku yupo! Nilikuwa nikisikia hodi mlangoni roho yanichoma kabla sijajua ni nani.

Mwaka huo, mwezi wa Shaabani, mdogo wangu alikwenda Tononoka kumtunza binamu yetu aliyejifungua, akae naye mpaka arubaini ziishe. Siku ya tatu ikaja hodi. Alikuwa mke wa mshairi. Mshairi mwenyewe wakati huo jina lake lilikuwa kila barazani. Wazee wakiyasema maneno yake kama wanayasema wao, na wanawake tukiyajua mashairi yake jikoni. Mkewe akaketi, akanywa kahawa, akaniambia mumewe ameombwa asome shairi baraza ya Idi, mbele ya wakubwa wa serikali, na mpiga picha atakuwapo. Akatoa uzi kwenye pindo la kanga.

"Mwenye kazi yake yupo?"

"Yuko Tononoka," nikamwambia. "Lakini nipe, nitampelekea leo hivi."

Wallahi, niliposema nilikuwa na nia ya kupeleka. Nilivaa buibui, nikashuka ngazi, uzi nimeufumbata. Nikafika mlangoni, nikaona haya kuwa mtumwa wa nyuzi za mdogo wangu, nikapanda tena juu. Nikajiambia nitapeleka kesho. Kesho yake nikakata bafta.

Nilishona mchana wote wa Ramadhani nzima, mlango nimeufunga, nikimwambia mama nasoma Kurani. Mungu anisamehe hilo nalo. Sikuwahi kushona namna ile. Nilitia maua madogo ukingoni, na juu nikazungusha vito safu saba, uzi wa hariri niliouweka tangu ndoa yangu. Kila kitundu kikitoka sawa nilikuwa nacheka peke yangu. Nikisema, mwendeeni sasa! Mwulizieni sasa!

Ikabaki alama. Kila mshonaji kwetu huacha alama yake ndani ya kofia, chini ya ukingo, kwa uzi wa samawati. Mama ndiye aliyetugawia: mimi mstari mmoja mfupi, mdogo wangu nukta tatu kama mafiga ya jikoni. Hata hapo niliona kanipunja. Mwenye kupokea kofia jambo la kwanza huipindua aone alama, na mke wa mshairi alikuwa mwanamke wa kupindua. Nikakaa na sindano siku mbili. Nikitia mstari, itarudi. Nikatia mafiga.

Nikampelekea mwenyewe. "Ameituma," nikasema, na uso wangu mkavu. Akaipindua, akaona nukta tatu, akaibusu kofia. Akasema, "Mkono wa mdogo wako haujifichi." Nikarudi nyumbani nimeinama kama aliyeibiwa, na mwizi ni mimi.

Idi ikaja, baraza ikakaa, shairi likasomwa. Wanaume waliporudi wakasifu shairi, wake zao wakasifu kofia. Mdogo wangu karudi siku hiyo ya Idi mosi, kila anakopita anapewa mkono: "Hongera, umetuvisha nchi!" Yeye akidhani wasema ile kofia ya mwalimu aliyoimaliza kabla ya kwenda Tononoka, akiitikia tu. Nami nikizidi kuvimba. Kazi yangu, macho yangu, hariri ya ndoa yangu, na sifa zampata yeye akiwa ametoka kuosha nepi za mtoto Tononoka! Mpata si mwerevu, akosae si mjinga, wasemavyo, lakini wasemao hivyo ni waliopata.

Siku ya nne mke wa mshairi akaja na sinia ya halua na kofia ndani ya leso. Kwetu kofia ikishavaliwa siku ya kwanza hurudi kwa mshonaji, aifue na kuitia wanga yeye. Walikuwapo wanawake watano sita, jirani na jamaa. Akaiweka magotini mwa mdogo wangu.

Nilikuwa namimina kahawa. Nikaona vidole vyake vinapita juu ya vito, vikasimama. Vito vyangu uzi wake wazunguka kinyume, kwa sababu ya mkono. Mtu mwingine haoni, lakini yeye kajifunza kwangu. Akainua macho akanitazama, na kikombe kikanijaa mpaka kikamwagika sahanini.

Akasema, "Hii si yangu. Hii ni kazi ya dada."

Moyo ukaniruka. Sijui kwa hofu au kwa furaha, mpaka leo sijui.

Mke wa mshairi akacheka mpaka buibui likamwanguka. "Ya yule mashoto? Usinitanie, mwanangu!" Akaichukua kofia, akaipindua. "Na mafiga haya ni ya nani?"

Wanawake wote wakachungulia. Mafiga hayo. Mmoja akasema, "Mashaallah, tazameni, na adabu anayo. Ataka kumfichia dada yake aibu." Mwingine akasema mwanamke kama huyu hapatikani siku hizi. Mdogo wangu akasema tena, "Nawaapia si yangu," na kila akiapa wakazidi kumpenda. Mimi ningalisema nini? Ningalisema mimi ndiye niliyeficha uzi na kuiba alama? Nikamimina kahawa.

Walipoondoka nikamngoja anitukane. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kumjibu, makali, ya miaka mingi. Hakutukana. Aliipindua kofia akanionyesha ndani, pale kitambaa kilipogusa paji la uso.

"Jasho lake hili," akasema. "Kaivaa siku kutwa, dada. Haikumchoma."

Nikaanza kukusanya vikombe, akanifuata.

"Ni nzuri kuliko zangu zote. Kwa nini hukutia alama yako?"

Akaniwekea mapajani, na mkasi mdogo, na uzi wa samawati. Akaniambia, "Toa mafiga yangu, tia mstari wako, kisha umrudishie vivyo hivyo." Akaenda zake jikoni.

Afadhali angenipiga kofi. Kushona nilimshinda, akaja akanishinda kwa wema, nami nikamwonea kijicho hata kwa huo wema wake. Nikashika mkasi. Figa la kwanza nikalilegeza, uzi ukatoka kidogo. Nikakumbuka kicheko kile. Ya yule mashoto? Nikajua mke yule akiipindua akauona mstari, kofia ile haitapanda tena kichwani mwa mumewe. Atampa mchukuzi wa maji. Na mimi nilitaka aivae.

Nikaurudisha uzi mahali pake, nikaukaza. Nikaifua kofia kwa maji ya mvua, nikaitia wanga, nikaivisha sufuria dogo lililopinduliwa ikaukie pale. Mdogo wangu alipoichukua kuipeleka akaipindua, akaona mafiga yake matatu. Akaifunga ndani ya leso, akatoka nayo. Tangu siku hiyo hakushona kamwe kofia ya safu saba kama ile, na wateja wakimwomba akiwaambia hajui.

Mshairi aliivaa miaka, naambiwa, mpaka ikachanika.

Jana mjukuu kafungua tena ukurasa ule ule, kauliza tena nani aliyeshona. Nikamwambia, "Mkono huu," nikamnyoshea wa kushoto. Akautazama, kisha akautazama wa kulia, akasema, "Nyanya, mbona watu niliowauliza wote husema ni ya bibi yetu mdogo?"

"Husema," nikamwambia. "Lete uzi nikupime kichwa."