Njia Ikikurudisha, Kaa

Nilipokuwa mtoto pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, safari moja ilinitoa nyumbani mara tatu. Natoka, narudia kalamu. Natoka, narudia daftari. Jirani aliniita Kichwa-ya-Upepo, na batoto wake wakalifanya wimbo. Ajabu ni kwamba mambo madogo niliyashika mno: mpaka leo nakumbuka kitenge cha bibi yangu Koko kilikuwa na matundu mawili karibu na pindo. Ila kitu cha mkononi kilinitoroka.

Koko, mama yake Papa, alikuja na imani yake kutoka Fizi, kule Kongo: njia ikikurudisha, usiondoke tena kabla ya kukaa kizingitini na kutaja ulichobeba, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Usipokaa, njia itabaki na kitu chako.

Nilikuwa na miaka kumi na minne asubuhi ya mahojiano ya shule ya sekondari, kule Lilongwe. Bila barua ya mwaliko, getini hupiti. Nilikuwa nimeisoma barua ile mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Tukapanda kabaza mbili, baiskeli za kubeba abiria, Papa mbele, mimi nyuma. Mama husema tulishafika kanisani; si kweli, tulikuwa tumepita bomba la maji tu. Hapo nikakumbuka kalamu. Nikaruka kutoka kwenye baiskeli, nikakimbia.

"Koko, kalamu!"

"Kaa."

"Koko, bantu banangoja!"

"Bangoje. Kaa, utaje."

Papa akafika anahema. "Mama, acha hayo mambo ya mulimani! Tutachelewa!"

"We ulirudi siku ile tulikimbia vita, haukukaa," Koko akamjibu. "Njo maana ulifika huku na kiatu moja."

Mwendesha kabaza alicheka mpaka akashika usukani. Nikakaa.

"Kichwani, kitambaa. Begani, mfuko. Ndani ya mfuko, daftari, mkate, barua..."

Mkono ukapapasa. Hakuna barua.

Koko hakushangaa. Aliingia ndani, akafunua beseni ya unga: barua ile hapo. Nilikuwa nimeisoma mara ya mwisho huku nikikoroga uji! Akaikung'uta. "Njia ilikuwa inaitaka," akasema. Nilipiga kelele ya furaha, kuku wakatawanyika uani. Kule Lilongwe mlinzi alijipangusa unga vidoleni, akafungua geti.

Sasa naishi Area 47, mtaa wa huko huko Lilongwe. Mwaka jana daktari aliipa hali yangu jina: ADHD, ubongo usiotulia mahali pamoja. Nilitoka kwake nikicheka peke yangu barabarani kama mtu aliyepewa zawadi. Jina halijanitengeneza; bado nasahau miadi, na rafiki wawili wamenichoka. Lakini kila asubuhi nakaa kizingitini, nataja: ufunguo, simu, miwani. Majirani wapya wanadhani nasali.

Sijui kama njia hutamani vitu vya watu. Najua kwamba wote walinilaumu mimi. Koko peke yake aliilaumu njia, akanionyesha mahali pa kukaa.