Mwenyekiti Nyuma ya Kilima

"Mzee Kimaiyo, wamekufukuza kwa mkutano?"

Nilimuuliza hivyo mwaka wa 1953, nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa natoka shule nikamkuta nyuma ya kilima, ameketi peke yake kwa nyasi. Ng'ambo ya kilima kamati yake ilikuwa inabishana, na yeye ndiye mwenyekiti! Mwenyekiti gani hukaa mahali hawezi kusikia?

Alicheka tu. "Nenda nyumbani, uji unapoa."

Siku hiyo kamati ilikuwa inachagua mahali pa kuchimba josho, lile shimo la dawa la kuogeshea ng'ombe. Huku juu Kuresoi tulikuwa tumelingoja miaka miwili. Mahali palikuwa pawili: kando ya kijito katika shamba la Kimaiyo mwenyewe, au chini karibu na kanisa, maili tatu kutoka kwake. Ugonjwa wa kupe ulikuwa umemuulia ndama watatu. Alibaki na ng'ombe wawili, wamekonda, si wa kutembezwa mbali.

Mama yangu, Chepchirchir, alikuwa kwa hiyo kamati, na ndiye aliyenieleza. Kwetu mkutano ni nje, kwa nyasi, hakuna mlango wa kutokea. Kimaiyo alisema, "Neno hili lina shamba langu ndani. Amueni bila mimi." Akaenda akaketi kando ya ua. Lakini kila aliyesimama kusema alimtupia jicho kwanza, aone kama amekunja uso. Mama, ambaye haogopi mtu, akapaza sauti: "Wewe Kimaiyo! Hata huko bado unatuongoza na hiyo sura yako. Potea kabisa!" Watu wakacheka mpaka basi. Ndipo akainuka, akavuka kilima.

Nilikuwa bado nimesimama naye pale shemeji yake, Kipkorir, alipofika akihema.

"Shemeji, tuko watatu kwa watatu! Sema neno moja tu."

"Hilo neno ndilo limenileta huku."

"Ndama watatu umezika, na bado unaringa?"

"Nimezika, ndiyo. Rudi uwaambie wasikizane wenyewe."

Kipkorir alitema mate, akarudi. Jua likianza kushuka, mmoja wao alibadilisha nia. Josho likaenda kanisani.

Jumatatu Kimaiyo alikuwa wa kwanza kufika na jembe. Ng'ombe mmoja alikufa kabla ya mvua. Yule mwingine alimtembeza maili tatu kwenda, tatu kurudi, kila wiki, na hakunung'unika ila juu ya matope.

Likizo hii, 1959, nimemwendea tena. Kwani pale kijitoni palikuwa pabaya?

"Pabaya?" akasema. "Palikuwa pazuri kushinda kanisani, hata leo nitaapa. Lakini asubuhi ile nilimwangalia ng'ombe wangu, mbavu zote nje, nikashindwa kujua kama anayesema pazuri ni mimi ama ni yeye."