Utabiri wa Besiboli na Zamu ya Kuongea na Bibi

Sisi tuliokulia Ilford, huku Ulaya, miaka ile ya kadi za simu za kukwangua tunajuana hata tukipishana barabarani. Kama na wewe ulikuwa unasimama foleni sebuleni nyuma ya kaka yako, ukisubiri kumsalimia bibi ambaye hujawahi kumwona, huku yule mwanamke wa kwenye kadi akidakia kusema dakika zimebaki chache, basi karibu ukae. Haya ni yetu.

Kwetu foleni hiyo ilipangwa na besiboli. Ndiyo, besiboli, usicheke. Baba yangu, mtoto wa Korogwe, alikuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi katikati ya mji, na televisheni ya pale mapokezi ndiyo iliyomwambukiza mchezo huo wa Wamarekani. Watanzania wenzake wanatoana macho kwa ajili ya mpira wa miguu, yeye anarekodi besiboli kwenye kanda za video, na ole wako urekodi katuni juu yake. Jumamosi tunaangalia wote, mimi, dada Zaina na kaka Rajabu, sahani ya mihogo ya kukaanga katikati, pilipili imetutoa kamasi, tunabishana utadhani tumezaliwa Marekani.

Sasa, ligi yao ina makundi sita, na kila kundi lina kinara wake. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho kabla ligi haijaanza, Baba anazima televisheni na kutangaza utabiri. Kila mtoto anasimama mbele ya sofa, anataja vinara wake sita na sababu zake. Sharti ni moja: Kiswahili kitupu. Ukichomekea neno la Kiingereza, kaa chini, mwenzio aingie, wewe utaanza upya. Tulizaliwa huku, tukisemeshwa Kiswahili tunajibu Kiingereza, na jambo hilo lilimkaa Baba kooni. "Kiingereza mtakiokota hata kwenye basi," alikuwa akisema. "Kiswahili mtakipata wapi kama si hapa?" Hatukuandika kitu. Hakimu alikuwa Mama, na Mama hasahau neno hata ukimwomba asahau.

Ligi ikiisha, aliyepatia vinara wengi anapewa zawadi: mwaka mzima, tukimpigia Bibi Jumapili, yeye ndiye anayeshika simu wa kwanza, wazazi wakishamaliza.

Mimi ni kitindamimba, na ndiye niliyepewa jina la Bibi, Mwanahawa. Na kila Jumapili nilikuwa wa mwisho. Rajabu alishinda mwaka baada ya mwaka, maana alikuwa anakwenda maktaba kusoma magazeti, halafu anarudi kifua mbele. Zamu yangu ikifika, "Shikamoo Bi..." kadi imekwisha. Siku nyingine nabahatika kusikia "Marahaba, somo..." na simu inakata. Nilikuwa najifungia bafuni nalia. Mtu ana jina lako, anakupenda, na wewe hujui hata akicheka anachekaje! Nilitaka simu ile kuliko baiskeli, kuliko viatu vya taa.

Mwaka mmoja, nina kama miaka tisa hivi, nikasimama nikasema kundi la kati watachukua Minnesota. Sababu? "Kule kuna baridi kali, wamezoea shida." Rajabu alijitupa kwenye kapeti kwa kicheko. Miaka ile timu ile ilikuwa ya kuonewa huruma tu, na Baba mwenyewe alijifanya anakohoa. Mimi nikang'ang'ana hapo hapo. Loo! Minnesota wakachukua. Ligi ilipokwisha Mama akahesabu kwa vidole, nimempita Rajabu kwa kundi moja. Alininunia wiki nzima. Mpaka leo ana kipara na watoto wawili, ukimtajia Minnesota anabadilisha mazungumzo.

Jumapili iliyofuata Baba akanikabidhi simu, kadi bado ina dakika tele. Nikaamkia, Bibi akaitikia. Hujambo, sijambo. Za shule, nzuri. Jamani, maneno yalikuwa yameniishia! Zaina ananipungia mikono, Rajabu ananyoosha shingo kuitaka simu. Kiswahili pekee nilichokuwa nimekifanyia mazoezi maishani mwangu ni cha utabiri. Basi nikavuta pumzi, nikasema, "Bibi, kwa maoni yangu, mwakani Minnesota watachukua tena kundi la kati. Lakini wana mrushaji mmoja mvivu, anarusha mpira kama anafukuza kuku."

Bibi hakujua besiboli ni kitu gani wala Minnesota iko upande gani wa dunia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Somo, hao watu wa baridi, baridi yao inaizidi hiyo yenu ya Ulaya?"

"Inaizidi, Bibi. Theluji inafika magotini."

"Masikini watoto wa watu! Basi wape tena. Na huyo mvivu, ana mke kweli?"

Akacheka. Kicheko chake kilianza chini chini, kikapanda, kikamshinda, akaishia kukohoa. Nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Mwaka ule wote tulizungumza. Alinitajia vinara wake, akiwachagua kwa kuniuliza kule wanakula nini; waliokula samaki aliwapa ushindi bila maswali. Besiboli ikituishia, ananisimulia mengine. Ndivyo nilivyojua kwamba Baba alipokuwa mdogo alimwogopa bata mzinga wa jirani, na kwamba alipoondoka kuja huku, Bibi alilivaa shati aliloliacha, akawa analima nalo mpaka likachanika mgongoni.

Bibi alifariki karatasi zetu za ukaazi zikiwa bado hazijatoka, kwa hiyo hakuna aliyeweza kwenda kuzika. Watu wakaja, wakasoma hitima, wakala, wakaondoka. Jumapili ile Baba akakaa kwenye sofa, simu imelala mezani. Akaniita.

"Hawa, mama yangu alikuwa anakwambia nini muda wote ule?"

Dakika zake yeye zilikuwa zikiisha kwa dawa, paa linalovuja na nani anaumwa. Nikaanza na lile shati. Baba akainamisha kichwa, akafuta macho kwa kiganja.

"Hilo hakuniambia," alisema. Kisha akasema, "Endelea." Nikaendelea mpaka chai ikapoa.

Wanangu siku hizi wana simu zisizokatika. Mama yangu wanamwona usoni mpaka matundu ya pua, wanapunga mkono, wanasema bai Bibi, wamerudi kwenye michezo yao, na dakika zimebaki kibao hazina wa kuzitumia. Siwalaumu sana, hawajawahi kukatiwa simu midomo wazi. Enzi zetu dakika zilikuwa za kugombaniwa, na namshukuru Baba kwa kutugombanisha. Siku aliyoshindwa kwenda kumzika mama yake, zile nilizozipata mimi ndizo alizokuwa nazo.